Nakijwa Imesagwa

Mara ya nne Nanzia alipopanda kwenda Nyumba ya Vipimo hakuvaa kanga yake ya kutokea, wala hakubeba kapu la mizizi. Alikwenda mikono mitupu, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini, na waliokutana naye njiani walimpisha bila kumsalimu. Uso wake haukuwa uso wa kusalimiwa. Alikuwa amekwisha kulia, tena zamani. Kilichobaki sasa kilikuwa kikavu na kizito, naye alikuwa akikipeleka kwa wenyewe.

Katika nchi ile watu hawakuhesabu umri kwa miaka. Walihesabu kwa homa. Homa ilikuja na masika, ikapita nyumba hadi nyumba, na aliyeinuka kitandani alijiongezea moja. Mtoto akiulizwa umri alisema, "Nina homa nne," akaonyesha vidole. Vijana walichumbiana wakifika homa ishirini. Nanzia mwenyewe alikuwa na homa hamsini na tatu. Binti yake Nakijwa alikuwa na kumi, na alibaki na kumi, kwa sababu homa ambayo mtu hakuinuka haihesabiwi. Hiyo inamhesabu yeye.

Siku nyingi Nanzia aliiona hesabu hii kuwa jambo la kawaida, kama kuchota maji. Ni baada ya kumzika Nakijwa ndipo alipoanza kusikia jinsi inavyonuka. Watu gani hawa wanaopimwa umri na adui yao? Nani aliyeipa homa kalamu, ikae milangoni mwetu inatuandika? Tumeimba mtoto alipopona homa ya kwanza, tumepika, tumepiga vigelegele kana kwamba tumepewa kitu, kumbe tumeachiwa tu. Na aliyeachiwa akizidi kushukuru, mwisho husahau kwamba alishikwa. Aliyawaza haya akipalilia, akayawaza akitwanga, na kila alipoyawaza jembe liliingia ardhini zaidi ya lilivyotakiwa kuingia.

Nanzia alikuwa mganga. Alichimba mzizi wa mzinduko, mti mfupi wenye maua ya njano uotao kwenye miamba, akauchemsha mpaka maji yakawa mekundu, akawanywesha wenye homa. Kazi hiyo aliachiwa na mama yake, naye mama yake aliachiwa na wake. Wengi waliinuka. Wachache hawakuinuka, na wale wachache siku zote walikuwa na sababu: alicheleweshwa, alilala na mvua, alikuwa dhaifu tangu tumboni. Uganga una huruma kwa mganga, humpatia sababu.

Kwa Nakijwa sababu haikupatikana. Homa yake ya kumi na moja ilimshika asubuhi, na asubuhi ileile mama yake akamnywesha mzinduko uliochimbwa vizuri na kuchemshwa vizuri. Siku ya pili joto likashuka kabisa. Mtoto akaketi, akaomba ndizi za kuchoma, akamcheka mama yake kwa kuvaa kanga kinyume. Na kwa sababu joto lilikuwa limeshuka, Nanzia hakumpeleka zahanati iliyokuwa ng'ambo ya korongo, walikokuwa wakitoa vidonge. Ampeleke kwa lipi? Si amepona? Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Nakijwa alikakamaa mikononi mwake, macho yakageuka, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha.

Majirani walipoona Nanzia amejaza kapu mizizi na kushika njia ya mlimani, walisema anatafuta sifa, anataka jina lake lisikike. Hakuwa akitafuta sifa. Alitaka kujua kama ni yeye aliyemuua mwanawe.

*

Nyumba ya Vipimo ilikaa juu mlimani, penye upepo ambapo mbu hawafiki, na madirisha yake yote yalizibwa kwa wavu mwembamba. Waliofanya kazi mle na kulala mle hawakupata homa, na kwa kuwa hawakupata homa, hawakuwa na umri. Kila Nanzia alipofika alimkuta karani yuleyule mwenye shati lilelile la buluu, wino wa kalamu yake umefika palepale, ilhali kule chini masika yalikuwa yamepita na nywele za Nanzia zinaingia mvi. Kwake yeye zilikuwa safari nne katika masika saba. Kwao ilikuwa bado asubuhi moja ndefu.

Mara ya kwanza karani alivuta fomu akauliza bila kuinua macho, "Jina?"

Aliuliza jina la mti. Lakini Nanzia alikuwa ametembea siku mbili akiwa na jina moja tu kinywani, na ndilo lililotoka.

"Nakijwa."

Karani akaandika. Nanzia alipong'amua akasema haraka, "Hapana, kijana wangu. Huu mti kwetu tunauita mzinduko. Nakijwa ni binti yangu. Ni marehemu."

"Likishaandikwa halifutwi, mama." Karani alikuwa tayari anabandika karatasi kwenye kapu. "Nakijwa imepokelewa."

"Amepokelewa," Nanzia akamsahihisha. Hata hakujua kwa nini.

"Imepokelewa," akasema karani.

Nanzia hakuwahi kukaa darasani, lakini haihitaji shule kusikia kilichompata mwanawe katika silabi ile moja. Mtu anakula, anacheka, anaudhi, anafariki, na hata akishafariki watu husimama kaburini wakasema amelala, amepumzika, ametuacha. Kifo chenyewe hakijathubutu kumwondolea mtu hiyo "a" yake. Na sasa mtu mmoja mwenye kalamu alikuwa amemchukua Nakijwa akamhamishia upande wa meza na chupa na mafagio. Mara ya pili Nanzia alipokwenda kuuliza, aliambiwa, "Nakijwa imekauka vizuri." Mara ya tatu aliambiwa, "Nakijwa imesagwa. Subiri matokeo." Siku hiyo alishuka mlima akiwa ameuma pindo la kanga njia nzima, ili asipige ukelele ambao angeshindwa kuuzima.

Akasubiri. Wakati akisubiri, kule kijijini likatokea jambo ambalo hakulipanga. Wagonjwa waliongezeka. Zamani walikuja wa kijiji chake. Sasa walikuja wa vijiji vya mbali, wamebebwa kwenye machela, kwenye baiskeli, migongoni, wakajipanga uani kwake tangu alfajiri. Yeye aliwaambia ukweli: "Mzizi uko Nyumba ya Vipimo, unapimwa." Wao wakasikia: mzizi umechukuliwa na Nyumba ya Vipimo. Katika sikio la mgonjwa, kupimwa na kukubaliwa ni neno moja. Wangeuchukuaje kama haufai? Wangenyamazaje kama una kasoro? Ukimya wa Nyumba ukateremka mlimani, ukafika uani kwa Nanzia ukiwa umegeuka ushuhuda.

Naye akawanywesha. Hilo halikufichika kwake baadaye, wala hakulificha. Aliwanywesha masika yote saba.

Kisha akafa Kiangi, mtoto wa Mama Sifuni wa jirani. Kiangi alikuwa na homa mbili tu. Alinywa mzinduko, joto likashuka, akaamka, akaomba uji, akakimbiza kuku uani. Siku ya tatu akakakamaa. Nanzia alisimama kwenye maziko yale akahesabu kwa vidole, nyuma ya mgongo wake, watoto waliokwenda namna hiyohiyo: kupoa, kucheka, kuomba chakula, kufa. Alipofika kidole cha saba akaacha kuhesabu. Kesho yake akapanda mlima.

*

"Faili limefungwa," karani alisema.

"Limefungwa lini?"

"Lilipofungwa."

"Limesema nini?"

"Faili lililofungwa halisemi, mama. Kama lingekuwa na la kusema lingebaki wazi."

Nanzia alimtazama kijana yule asiye na umri, shavu laini, kola safi, akaona kwamba hakuwa mbaya. Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Kama angekuwa mbaya angemshika shati. Alikuwa tupu, safi, amekaa. Nanzia akamzunguka, akaingia kwenye ujia uliokatazwa.

Ujia ule ulikuwa mrefu kuliko Nyumba yenyewe. Pande zote mbili zilisimama kabati za vioo, na ndani ya kabati chupa, na ndani ya chupa miti ya nchi nzima iliyosagwa: unga wa kahawia, wa kijani, wa njano, wa rangi ya damu iliyokauka. Akapita mbele ya magome ambayo mama yake alimfundisha kuyanusa, majani ambayo wanawake wa bondeni hulishana wakijifungua, mizizi ambayo watu waliitolea siri wakitumaini itarudi na jibu. Hakuna iliyorudi. Zilikuwa zimekaa kwenye mistari, kimya, na yeye akahisi ndani ya kila chupa kuna kijiji kizima kinachosubiri kuitwa. Kwenye kabati ya mwisho akaona karatasi ile. Hakujua kusoma, ila aliijua sura ya neno lile, kwa maana alikuwa amelitazama likiandikwa. Akasogea. Kwenye kioo uso wake ukalala juu ya chupa, na kwa muda mfupi hakujua yupi yuko ndani na yupi yuko nje. Aliyesagwa ni nani, anayesubiri ni nani, na kama mama anaweza kubaki na homa hamsini na tatu ilhali aliyemzaa amekomea kumi.

"Wewe ndiye mama wa Nakijwa," sauti ikasema nyuma yake.

Alikuwa mwanamume wa makamo mwenye macho mekundu, koti jeupe limemchakaa kwenye viwiko. Jina lake Mbonea, mpimaji wa Nyumba. Nanzia alimwona mara moja kuwa ni tofauti na wenzake: alikuwa na mikunjo. Huyu alikuwa akilala bondeni, na homa bado zilikuwa zikimhesabu.

"Shikamoo, mama."

Nanzia hakuitikia. "Umenijuaje?"

"Karatasi ya kapu ilikuwa na jina la mtu. Majina ya miti nayajua. Nikajua kuna mtu amekosewa."

"Basi niambie. Kwa lugha ya nyumbani. Usinizungushe."

Mbonea akafungua droo, akatoa faili jembamba, lakini hakulisoma. Alilijua kwa moyo.

"Nilichukua damu yenye vijidudu vya homa, nikaitilia dawa yako. Nikaitazama kwa hadubini siku tatu. Vijidudu vilikuwa hai. Viliongezeka, utadhani nimevitilia maji matupu."

"Mliukausha!" Nanzia akapaza sauti. "Mliusaga! Mzinduko hausagwi. Unachemshwa mbichi, kwenye chungu, mpaka maji..."

"Nilichemsha, mama."

"Hujui kuchemsha."

"Nilikwenda mwenyewe kwenye miamba yenu. Nikachimba upande wa mawio kama mnavyochimba. Nikachemsha kwenye chungu cha udongo, mafiga matatu, hapo nyuma ya jengo, wenzangu wakanicheka. Mara tano nilifanya hivyo. Nilitaka iwe kweli. Mimi pia mama yangu alininywesha mzinduko."

Nanzia akashika ukingo wa kabati. "Halafu?"

"Nikawapa panya waliokuwa na homa. Joto likashuka. Mama, joto lilishuka kabisa! Walichangamka, wakala, wakapanda waya za kizimba. Nilifurahi, nikakimbia kumwita Mkuu." Akaligeuza faili mikononi. "Kisha nikawapima damu. Vijidudu vilikuwa vingi kuliko asubuhi. Siku ya tatu wakafa, sawasawa na wale ambao sikuwapa chochote."

"Sema mpaka mwisho."

"Mzizi unashusha joto. Ugonjwa hauugusi. Wanaopona wanapona wenyewe. Wasiopona wanaonekana wamepona, halafu..."

Hakumalizia. Hapakuwa na haja. Nanzia alikuwa amekwisha kuziona ndizi za kuchoma. Alikuwa amekwisha kusikia kicheko kile. Joto lile la mwanawe, ambalo alilifukuza kwa mkono wake mwenyewe, lilikuwa mtu pekee nyumbani mle aliyekuwa akipiga kelele ya kuomba msaada, na yeye alilinyamazisha.

Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulijua lini haya?"

"Masika sita yaliyopita."

*

Mkuu wa Nyumba alimpa kiti. Nanzia hakukaa. Mbonea alisimama mlangoni na faili mkononi, bila kujua kama anaingia au anatoka.

"Pole sana, mama," Mkuu alisema, na kweli alionekana kusikitika, kwa jinsi mtu anavyosikitikia habari ya nchi nyingine. "Ni kawaida. Katika miti mia tunayoletewa, labda mmoja una kitu. Tusichokipata hatukitangazi."

"Mlikipata. Mlipata kwamba hauponyi."

"Hiyo si kupata. Hiyo ni kukosa. Nani angesoma habari ya mti usioponya?"

"Mimi."

"Unajua kusoma?"

"Ningesomewa."

Mkuu akakunja mikono. "Elewa, mama. Mti wako hauna sumu. Tumehakikisha. Haufanyi madhara yoyote."

"Mtoto anawaka moto, mama yake anataka kumkimbiza zahanati. Mimi namnywesha, anapoa, mama anatua mzigo anasema amepona. Hayo si madhara? Unaniambia mtu aliyesimama mlangoni akamzuia mzimamoto hakuchoma nyumba?"

"Sisi hatukumnywesha mtu," Mkuu alisema polepole. "Uliwanywesha wewe."

Neno lile liliingia na likafika. Mbonea aliinamisha kichwa. Nanzia alisimama palepale, mikono imemning'inia.

"Ndiyo," akasema. "Niliwanywesha mimi. Kwa mkono huu. Na nilipoingiwa na shaka nilitembea siku mbili nikaileta shaka yangu kwako, kwa kuwa nilisikia hapa ndipo shaka zinapopimwa. Ukaipima. Ukajua. Ukaiweka kwenye droo. Ulifunga faili lako na ua wangu ukabaki wazi, na kila siku watu wakaingia. Mimi nitakwenda kujibu kwa mdomo wangu, mbele yao, nao watanifanya watakalo. Wewe utamjibu nani?"

Mkuu alitazama saa ukutani, mahali ambapo asubuhi ilikuwa haijasogea.

"Homa yako ya mwisho uliugua lini?" Nanzia akamuuliza.

"Mimi?" Karibu atabasamu. "Sijawahi."

"Basi hujazaliwa," Nanzia alisema, akatoka.

Mbonea alimkimbilia ujiani akimnyooshea faili. "Chukua, mama. Haliruhusiwi kutoka, lakini chukua."

"La nini? Nimeshasikia." Akamgeukia, na hasira iliyokuwa imesalia ikampata yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na masikio. "Na wewe mwenye umri. Wewe unayelala bondeni. Masika sita unashuka mlima huu kila jioni, unapita milango ya watu, unajua. Ulinyamaza kwa nini?"

"Niliambiwa nisubiri."

"Kiangi hakuambiwa asubiri." Akamwacha. Alipofika mwisho wa ujia akasema bila kugeuka, "Vijiji viko arobaini. Mimi peke yangu siwezi. Ukipata miguu, shuka."

*

Njiani alizungumza mwenyewe. Siku mbili. Waliomsikia walidhani amepagawa.

Nilimuua? Hapana. Nilimponya? Hapana. Nilifanya nini basi? Nilimpoza. Nilimpoza mwanangu ili afe vizuri.

Mama, ulijua? Na wewe uliyemfundisha mama, ulijua? Au wote tulikuwa tunaona kupoa tukaita kupona, kwa sababu maneno yanafanana na sisi tulikuwa tumechoka?

Jambo analolijua mtu mmoja na kulifungia, limejulikana? Likijulikana juu mlimani na huku chini halijulikani, ni ujuzi huo au ni wizi? Walichukua ujinga wangu wakautengeneza ukawa ujuzi, halafu wakabaki nao. Nikarudi nyumbani na ujinga uleule, umepigwa muhuri.

Imesagwa. Imekauka. Imefungwa.

Amesagwa. Amekauka. Mwanangu amefungwa kwenye droo masika sita, yeye na jibu lake, amelala na jibu ambalo lingemwokoa Kiangi, anagonga mbao kwa ndani, mpumbavu mmoja mwenye shati safi anasema faili halisemi.

Nitawaambia nini? Nitawaambia. Wataniua? Waniue. La, wasiniue kabla sijamaliza vijiji.

*

Alifika uani kwake asubuhi, na watu walikuwa wamejipanga. Walipata thelathini. Mama Sifuni alikuwa wa nne kwenye mstari. Alikuwa amemzika Kiangi juzi juzi tu, na sasa mgongoni alikuwa na Sifuni, dada yake Kiangi, mtoto wa homa nne, midomo imemkauka, meno yanagongana juani.

"Afadhali umerudi, Bibi," Mama Sifuni alisema. "Tangu jana anatetemeka. Mpe huyu haraka, nakuomba."

Chungu kilikuwa pale. Kuni zilikuwa pale. Nanzia hakuvua hata ndala. Alisimama katikati ya ua, akasema kwa sauti ya kumfikia wa mwisho.

"Mzinduko hauponyi homa. Umepimwa, ukarudiwa mara tano, kwa namna yangu mwenyewe. Unashusha joto, basi. Ugonjwa unabaki ndani unaendelea kula. Waliopona mikononi mwangu walipona wenyewe. Waliopoa halafu wakafa, walikufa kwa sababu mimi niliwapoza na nyinyi mkaacha kuwapeleka zahanati. Nakijwa wangu alikufa hivyo. Mwana wa Nasiria alikufa hivyo. Pacha wa kwa Mzirai. Kiangi. Mwenye mgonjwa asikae hapa. Avuke korongo sasa hivi."

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja mwenye kikohozi akasema, "Wamemroga huko juu." Mwanamke mwingine akasema, "Anataka kwenda kuiuza dawa kwao, ndiyo maana anatufukuza." Mtu akaokota kibuyu, akaenda mwenyewe kwenye chungu kuchota mabaki mekundu ya siku zile. Nanzia akakimbia, akakipiga chungu teke. Kikapasuka. Maji yakatambaa vumbini, na watu wakapiga ukelele kana kwamba ameua mbele yao.

Mama Sifuni ndiye pekee ambaye hakupiga kelele. Alikuwa amesimama, macho yametoka.

"Rudia jina la mwisho," akasema.

"Kiangi."

"Aliniomba uji," Mama Sifuni alisema. "Nikakuambia, Bibi, kaomba uji. Ukaniambia amepona, mwache acheze." Akasogea mpaka pumzi yake ikamfika Nanzia usoni, akampiga kofi. Akampiga la pili. Nanzia hakuinua mkono. Mgongoni Sifuni alilia kidogo, kilio chembamba, kisha akanyamaza, na kunyamaza kule kuliwashtua wote wawili kuliko makofi.

Mama Sifuni alitaka kukimbia lakini magoti yakamkataa. Hakuwa amekula wala kulala tangu maziko. Akafungua kanga.

"Mbebe wewe," akasema. "Ulimpoza mwenzake. Huyu utambeba. Mimi nitakuja nyuma yako, na akikufia njiani sijui nitakachokufanya."

Nanzia akainama, akampokea, akafunga kanga. Mtoto alikuwa anaunguza kama sufuria. Akashika njia ya korongo, mteremko wa mawe kisha mpando, kwa hatua ambayo mwanamke wa homa hamsini na tatu hapaswi kwenda. Nyuma yake Mama Sifuni alimlaani njia nzima. Alimlaani kwa mama yake, kwa mizizi yake, kwa tumbo lake. Nanzia hakumjibu ila neno moja kila alipohisi miguu ya mtoto imelegea: "Anapumua. Anapumua." Na nyuma zaidi, wakiwa wamekasirika, wasiamini, wakinung'unika, baadhi ya wale thelathini walikuwa wamebeba wagonjwa wao na kuanza kuteremka korongoni.

Muuguzi wa zahanati alimtoboa mtoto kidole, akapaka damu kwenye kioo, akatazama, akatikisa kichwa. Akasema wangechelewa nusu siku wasingemuwahi. Akaanza kumpa dawa. Sifuni alikakamaa mara moja adhuhuri, muuguzi akamshikilia, mtoto akazinduka. Siku tatu Nanzia alikaa nje kwenye ukuta, halali, hali, akisubiri siku ya tatu ipite. Aliijua siku ile kuliko mtu yeyote. Ikapita. Kwenye siku hizo alisikia wasafiri wakisema kuna mpimaji mmoja ameshuka mlimani na koti lake jeupe, anapita vijiji vya mashariki akisema maneno hayohayo ya Nanzia, na kwamba kijiji kimoja kimemfukuza kwa mbwa, naye akazunguka akaingia kwa upande wa pili.

Siku ya nne Mama Sifuni alitoka na mtoto mgongoni. Sifuni alikuwa amekonda, anatafuna kipande cha kiazi.

"Ameinuka," Mama Sifuni alisema. "Ana tano sasa." Kisha akasema, "Sijakusamehe, Nanzia." Hakumwita Bibi, na hakumwita hivyo tena maisha yake yote.

"Sikuomba. Nichukie. Lakini nichukie ukiwa na mtoto mgongoni."

Mama Sifuni akatema mate chini, karibu na miguu yake, akashika njia ya nyumbani. Nanzia alimtazama mpaka alipopotelea korongoni. Halafu akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akaelekea upande mwingine, kijiji cha kwa Mzirai, kwa kuwa huko alikuwa amewanywesha watu ishirini na wawili, na alimkumbuka kila mmoja kwa jina.